Mjomba Ulingoni, Mimi Kigodani

Kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi ya Inyonga aliniuliza anishushe wapi, nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyekulia kule kwamba anishushe penye ile miti miwili mikubwa ya mitundu, ukishavuka kijito. Tulipovuka akapunguza mwendo, akaangalia huku na huku, kisha akageuza shingo. "Mama, mitundu gani? Hapa kuna bani la tumbaku tu." Nikashuka. Palikuwa na bani kweli, limekandikwa udongo, na pembeni yake magogo yamepangwa tayari kwa kukaushia tumbaku. Nilisimama pale na mkoba wangu na mfuko wa sukari, nikitafuta hata kisiki, nisikione.

Nilikuwa nimekwenda kuanua matanga ya mjomba wangu. Mazishi yenyewe sikuyawahi, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara ya kutoka Mpanda na mabasi yalilala njiani. Na kusema kweli, kwa miaka mingi sikuwa mwendaji. Mjomba ndiye aliyekuwa akija kwangu mjini kila alipokuja kuonyesha mguu wake hospitali. Anakaa siku tatu, ananiletea asali kwenye dumu na uyoga mkavu, nami nikazoea kuletewa. Ni uvivu wa mtu anayependwa, nadhani hata wewe unaufahamu.

Sasa ngoja nikueleze hiyo mitundu miwili ilikuwa na nini. Ilisimama mwisho wa shamba letu la mahindi, hatua chache tu baina yake, na kati yake mjomba alining'iniza ulingo. Sisemi ulingo wa mabondia. Huu ni kitanda cha miti kinachowekwa juu, mwindaji anakaa humo akimvizia mnyama apite chini. Wengine waliupigilia misumari, au waliulaza tu kwenye panda za matawi. Mjomba aliudharau ulingo wa namna hiyo. Wake ulishikwa na kamba nne kutoka matawi ya juu, ukiyumba pamoja na majani kila upepo ulipopita. "Mnyama haogopi kinachotikisika," alikuwa akisema. "Anaogopa kinachokataa kutikisika." Ubaya wake ulikuwa mmoja: ulitaka mtu akae katikati kabisa, ametulia. Ukiegemea upande, unakumwaga.

Kamba hazikununuliwa, zilitengenezwa kwa magome ya myombo. Mjomba aliyabandua mvua ikiwa imekolea, maana wakati huo mti una maji na gome linatoka bila ubishi, akayaloweka kijitoni siku tatu, kisha sisi watu wa nyumbani tukayaponda kwa rungu na kuyasokota juu ya mapaja. Mapaja yalibaki na rangi ya chai wiki nzima. Mke wa mjomba alisokota huku mtoto wao wa kwanza yuko mgongoni, analala kwa mwendo wa mikono ya mama yake. Bibi, ambaye ndiye aliyewazaa mjomba na mama yangu, alisokota huku akisema watu, na kamba yake ilitoka imekaza kuliko zetu zote. Mpaka leo mikono yangu inaikumbuka kazi ile. Nikiona kamba ya manila imening'inia dukani huwa naishika, naipima kwa vidole, kisha naiacha.

Adui yetu alikuwa ngiri. Walikuja asubuhi na alasiri, jua likiwa bado lipo, mikia imesimama wima, wakapiga magoti kwenye karanga zetu kwa adabu zote na kuzimaliza. Kutoka kwenye karanga waliingia kwenye mahindi. Ukiwaachia siku nne tu, familia nzima mnaanza kuomba chakula kabla hata ya mavuno. Jirani yetu mwenye duka, Mwislamu safi, hakula nyama hiyo wala hakutaka hata sufuria yake ipite karibu nayo. Lakini shamba lake lilipakana na letu, na sidhani kama kuna mtu aliyemwombea mjomba shabaha nzuri kumzidi yeye. Si yeye peke yake. Watu wa vijiji vya mbali walimfuata mjomba awaning'inizie ulingo kwenye mashamba yao. Akipita njiani na gobole lake begani, wazee waliokaa walisimama kumsalimia.

Lakini kuwinda kulikuwa na nusu nyingine, na nusu hiyo ilikuwa yangu.

Mwindaji akiwa juu, ilikuwa lazima mtu mmoja nyumbani amshikie kigoda. Yaani akae kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, uso umeelekea ulingo, mikono mapajani, asiseme, asile, asijikune, asiinuke mpaka mwindaji ashuke. Utulivu wa chini ndio ulioshikilia utulivu wa juu. Bibi alikuwa na neno lake: "Ukijikuna wewe hapa, tawi linatikisika kule." Muda huo hakuna aliyetwanga, hakuna aliyefagia, na hakuna aliyethubutu kugombana. Hata jogoo Bibi alimfunika na tenga.

Desturi ilitaka mke wa mwindaji ndiye ashike kigoda. Mke wa mjomba alijaribu, lakini mwenye mtoto mchanga atatuliaje? Ndipo Bibi akanitazama mimi.

Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa mtu wa kimya. Mama yangu alikuwa amefariki Mpanda mwaka ule, na mjomba alikuja kunichukua kwa baiskeli, siku mbili njiani, mimi nimekaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa. Njia nzima hakuniuliza kitu. Alipiga mluzi tu, na kwenye vilima alishuka akasukuma. Nilipofika kwa Bibi nilijibu nilichoulizwa, nikala nilichopewa, basi. Sikulia, na kucheka ndiyo usiseme. Watu wazima hawakujua waniite mgonjwa au mwenye adabu, mwishowe wakachagua adabu. "Huyu ndiye," Bibi akasema. "Nyumba hii hakuna anayejua kunyamaza kama huyu." Nikafurahi sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kuniambia kwamba kuna kitu ninachokiweza.

Mjomba mwenyewe alikuwa akikileta kigoda, akakiweka chini, akakitikisa kuona kama kimekaa sawa, kisha akaniambia, "Haya mama, nishikie." Halafu anaondoka na gobole lake na mbwa wake, mahindi yanamfunika. Kutoka pale mlangoni niliweza kuona vichwa vya ile mitundu miwili tu, yeye sikumwona. Nilisikia tetere wakilia mitini, nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa la jiko kama mvua ilikuwa imepita mchana, na nyuma yangu kuni mbichi zikilia kwenye mafiga. Siafu akinipanda kidole cha mguu nilimwacha. Nilijua mjomba yuko kule juu, naye alijua niko hapa, na kwa mtoto aliyekuwa hana tena mtu duniani, hilo halikuwa jambo dogo. Nakuambia ukweli, sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu na mjomba wakati shamba zima liko katikati yetu.

Siku nyingine jua lilizama patupu, mluzi wake ukasikika, nikainuka miguu imekufa ganzi. Siku nyingine gobole lililia mara moja tu, na Bibi akapiga kigelegele kifupi cha kuwaambia majirani. Maini yalikuwa fungu la mshika kigoda. Mjomba aliyachoma yeye mwenyewe juu ya makaa, akanyunyiza chumvi ya mawe, akanikatia kabla hata Bibi hajaonja. "Tumempata wote wawili," alikuwa akisema, na mimi niliamini neno kwa neno. Nikila ini leo, hata liwe la ng'ombe na limepikwa na vitunguu na nyanya kwa ufundi wote, naona halijafika.

Siku mambo yalipoharibika haikuwa na dalili. Bibi alikuwa porini akiokota uyoga, mke wa mjomba alimpeleka mtoto kliniki. Mjomba akaniwekea kigoda, akakitikisa, akaenda. Nilibaki peke yangu na yule jogoo chini ya tenga.

Ng'ambo ya kijito ilikuwa imehamia familia ya Wasukuma na ng'ombe wao, nao walikuwa na mabinti wawili, mmoja rika langu na mwingine mkubwa kidogo. Wakaja na mpira wa matambara na chupa tupu.

"Wewe, njoo tucheze rede, tumepungukiwa mmoja," yule mkubwa akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Unaumwa?"

Nikatikisa tena.

"Sasa nyie huku mnakaaga tu hivyo?"

Ningewaeleza, lakini kueleza ni kusema, na kusema kulikatazwa. Wakanishangaa, wakaanza kucheza wenyewe palepale uani. Sasa wewe kama ulikuwa msichana Tanzania hii unajua kwamba rede haichezeki watu wawili. Wawili wanarusha mpira, wa tatu yuko katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Wao walirusha, wakakimbia katikati, wakarudi kurusha, na walivurugika vibaya mno. Nilivumilia. Ngumi ningeweza kuvumilia, kelele ningeweza kuvumilia, lakini mchezo unaochezwa vibaya mbele ya macho yako ni mtihani mwingine. Nikajiambia, nitawajazia chupa hii moja tu. Nikainuka.

Nilikuwa katikati, nakwepa, chupa imefika nusu, ndipo yule mkubwa aliporudi kinyumenyume ili apate nguvu ya kurusha, akakaa ndani ya beseni la Bibi la mihogo iliyolowekwa siku nne. Harufu ya mihogo ile unaijua. Alikaa mzima, miguu juu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka amefikaje pale. Kitu kikanipanda kifuani. Mwanzo sikukitambua, nilidhani nataka kutapika. Kikatoka kwa sauti kubwa, kikatoka tena, nikaketi kwenye mchanga nimeshika mbavu, na kadiri yule binti alivyojaribu kujitoa ndivyo beseni lilivyomfuata.

Kisha mbwa wa mjomba akabweka kule mwisho wa shamba, akabweka bila kunyamaza, na nikasikia mjomba anaita.

Tulikimbia katikati ya mahindi. Tulimkuta chini, mguu umegeukia upande usio wake, na juu ulingo umelala kiubavu kwenye kamba mbili. Mjomba alikuwa anatoka jasho. Akatutazama sisi watatu, akanikazia macho mimi kwa muda, kisha akatabasamu. Nilidhani ni maumivu yanayomfanya hivyo.

Wanaume walikuja wakambeba kwa kitanda hadi uani, wakisubiri gari la kwenda Inyonga. Bibi akatokea na kikapu cha uyoga. Hakumgusa mwanawe kwanza. Alinigeukia mimi, akaniuliza mbele ya watu wote, "Ulishika kigoda?"

Mjomba akainua mkono pale alipolala.

"Mwache mtoto, mama. Nilisinzia."

Kwa watu wale, mwindaji kusinzia ulingoni ni kama dereva wa basi kusinzia kwenye usukani. Wanaume walitazama chini. Bibi aliweka kikapu, akaingia jikoni, na hakuniuliza tena, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mguu uliunga vibaya, ukabaki mfupi. Mjomba hakuweza kupanda tena, na hata kama angeweza, nani angemwita? Watu walianza kumwita Godoro. Kwanza kwa siri, kisha usoni, mwishowe hata watoto wadogo wasiojua chanzo walimkimbilia njiani, "Godoro amka, ngiri hao." Alicheka nao, akawatishia fimbo. Wazee waliokuwa wakisimama akipita, sasa walimwitikia wakiwa wamekaa. Mtu mwingine akachukua kazi yake, mtu wa misumari, na kigoda kikaenda jikoni kukaliwa na yeyote anayekoroga ugali. Mimi, bila ulingo wa kushikia, nilivuka kijito kila alasiri kwenda kucheza na wale mabinti, nikawa msemaji, nikawa mcheshi, mpaka mwalimu wetu akaniweka mbele kabisa ili anione vizuri.

Lakini nilijua kilichotokea, au nilidhani najua. Nilipoinuka mimi chini, usingizi ulimwingia yeye juu. Jina la Godoro lilikuwa langu, amelibeba yeye. Kila alipokuja kwangu Mpanda nilijiambia leo nitamwambia. Nampikia, namchemshia maji ya kuoga, namwangalia akivua kile kiatu cha mguu mfupi, kisha namuuliza habari za mahindi. Nikajiambia atakuja tena. Alikuja tena mara nyingi, mpaka akaacha kuja.

Basi siku ya matanga, chini ya turubai, yule jirani mwenye duka, sasa mzee mwenye fimbo, alisimama kusimulia maisha ya marehemu. Alimsifu vizuri. Halafu, kwa mapenzi tu, akasema, "Mzee wetu Godoro, mwindaji pekee aliyewindwa na usingizi." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kupumua. Nikaona kama mtu amenipiga kofi. Kama mjomba angebaki na jina hilo hata leo, basi lingebaki milele. Nikasimama, nikasema mimi ni mpwa wake, mwalimu kule Mpanda, nikasema marehemu hakuwa mzembe, siku ile mimi ndiye niliyeshika kigoda na mimi ndiye niliyeinuka.

Walinitazama kwa heshima. Kijana mmoja aliyekuwa akigawa soda akauliza, "Samahani dada, kigoda cha nini?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza mlango wa jiko, uso kuelekea ulingo, jogoo chini ya tenga. Mtoto mmoja akauliza ulingo ni nini. Wazee wawili watatu walitikisa vichwa kama watu wanaokumbuka kwa mbali kitu walichosimuliwa na wengine. Nilipomaliza nilipigiwa makofi. Mshereheshaji akasema, "Ahsante sana mwalimu kwa hadithi hiyo nzuri ya mila zetu," na watu wakaitwa kunawa mikono. Nilikaa. Nilikuwa nimetubu kosa ambalo hakuna aliyekuwa hai wa kunihukumu kwalo, na nakuambia, ni heri ningehukumiwa.

Mke wa mjomba alingoja mpaka vyombo vikaoshwa. Akanishika mkono, tukakaa kwenye mkeka nyuma ya jiko. Amesinyaa sana kwa uzee, lakini macho ni yaleyale.

"Mwanangu, ulikuwa unasema nini kule?"

"Ukweli, mama. Niliinuka, mjomba akasinzia."

"Kuinuka uliinuka," akasema. "Lakini yule mtu hakusinzia. Mimi nimekaa naye miaka yote hiyo, hajawahi kulala mchana hata akiwa na homa."

"Sasa alianguka kwa nini?"

"Alisikia mtoto anacheka huku nyumbani. Sauti za watoto wote wa hapa alikuwa anazijua. Hiyo hakuijua. Akajiuliza, jamani, ni yeye? Akainama upande wa nyumbani asikie vizuri. Ndiyo ulingo ukamwaga."

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaacha watu wamwite jina lile mpaka kaburini.

"Angesema ukweli, Bibi yako angekurudisha kwenye kigoda, ulingo uwepo usiwepo. Safari hiyo angekufunga na kamba. Mimi nilimwambia, baba, jina lako linaharibika. Akanijibu, acha liharibike, mtoto amecheka."

Nililia pale kwenye mkeka kama ambavyo sikulia nilipofiwa na mama. Yeye alinipapasa mgongo, akaendelea kuchambua mchele wa jioni.

Mitundu imekwisha, myombo wa karibu umekwisha, na ngiri wenyewe wamerudi ndani kabisa kwenye hifadhi. Hakuna mtu kijijini anayejua tena kusokota kamba ya magome, na sioni sababu ya kuwalaumu, manila haiozi. Vyote hivyo navitamani, hata siafu yule. Lakini si ndivyo vinavyoniuma zaidi. Mimi sasa ni mtu wa kucheka, rafiki yangu. Ofisi ya walimu wananijua kwa kicheko, mwalimu mkuu huinuka akafunga dirisha, na watu wanaendelea na kazi zao kwa sababu wamekizoea. Natamani awepo mtu mmoja tu ambaye akinisikia ataacha anachokifanya, ainame, ajiulize kama kweli ni mimi. Nilikuwa naye mmoja, na miaka yote ile nilidhani alikuwa amelala.